Jicho Lisilouma Nalo Litazamwe

Maradhi yaitwayo sakoidosisi, ambayo chanzo chake hata leo hakijabainika, aghalabu huanzia mapafuni, kwa kikohozi kisichokoma na uchovu usioondoka kwa usingizi. Na kwa kuwa dalili hizo ni zile zile tulizozizoea za kifua kikuu, haishangazi mgonjwa wa kwetu kutibiwa kifua kikuu kwanza, miezi ikapita kabla tabibu hajashuku jambo jingine. Katika muda huo wote, ni nani amtazamaye macho?

Mwaka 1909 tabibu wa macho wa Denmark, Christian Heerfordt, aliwaeleza wagonjwa waliopatwa kwa pamoja na homa, uvimbe wa tezi za mate zilizo karibu na masikio, na uvimbe wa ndani ya jicho. Wakati huo ilidhaniwa ni matubwitubwi, na ilipita zaidi ya robo karne kabla dalili hizo hazijahusishwa na sakoidosisi. Leo yafahamika kwamba vijivimbe vile vile vinavyojikusanya mapafuni hujikusanya pia katika tabaka ya kati ya jicho. Uvimbe ukiwa mbele, jicho huwa jekundu, huuma na huukimbia mwanga, hata mwenyewe akenda hospitali bila ya kuhimizwa. Walakini ukikaa nyuma, jicho hubaki jeupe, na mgonjwa huona vinukta vikielea tu, au asihisi lolote, ilhali retina inajaa maji, mtoto wa jicho anatanda, na presha ya jicho inaila neva ya kuona, ambayo ikishakufa haihuiki tena.

Kwa hiyo nasema, wala sioni udhuru wa kinyume chake, kwamba kila aliyethibitika kuwa na sakoidosisi apelekwe kwa tabibu wa macho mara moja, apanuliwe mboni na atazamwe ndani ya jicho, hata akiapa kwamba anaona vyema. Na mwongozo wa 2020 wa American Thoracic Society, chama cha matabibu wa kifua cha Marekani, nao washauri uchunguzi huo.

Dawa ipo: matone ya steroidi, na penye haja vidonge. Lakini matone hayo hayo, yakinunuliwa dukani na kutiwa kiholela, huleta mtoto wa jicho na presha, na vidonge vikimezwa na mwenye kifua kikuu kilichojificha, huweza kukiamsha. Basi ewe msomaji uliyekwisha kuambiwa una maradhi haya, usingoje maumivu: utakapomwona tabibu wako, mwombe barua ya kukupeleka kliniki ya macho.