Mnunuzi wa Siri na Cheti Chake

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengi wetu hatujaliangalia vizuri, nalo ni habari ya wanunuzi wa siri. Hawa ni watu wanaotumwa na kampuni kwenda dukani, benki, hotelini au kituo cha petroli, wakijifanya wateja kama wateja wengine. Mtu huyo hununua sabuni au chai, huku anatazama: Je, karani alimsalimu? Alimpa risiti? Sakafu ilikuwa safi? Kisha hujaza fomu, akalipwa pesa kidogo, na ile fomu ikaenda kwa tajiri. Sasa wako watu wanaowaambia vijana wetu kwamba kazi hii yataka cheti, na cheti chenyewe chauzwa. Swali langu ni hili: cheti hicho kina faida? Na kama kinayo, ni faida ya nani?

Mwingine atauliza, mtu wa karakana ya reli ana shauri gani na mambo ya madukani? Namjibu kwamba ndugu zetu wa reli walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutazamwa hivi. Mwaka 1855 huko Chicago, Marekani, Allan Pinkerton alipatana na kampuni za reli, akatia watu wake katika magari wakiwa kama abiria, wawaangalie makondakta waliopokea nauli. Baadaye watu wa Pinkerton walitumwa pia kupeleleza vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1892 wapatao 300 walipelekwa Homestead, Pennsylvania, kwenye kiwanda cha chuma ambacho wafanyakazi wake walikuwa wamefungiwa milango, na katika mapigano yaliyotokea watu walikufa pande zote mbili. Kwa hiyo mfanyakazi akiogopa jicho la siri, haogopi bure.

Walakini tuseme kweli. Sisi nasi tu wateja. Twajua karani anayekuacha umesimama huku anacheza na simu yake, na twajua anayekurudishia chenji pungufu. Mwenye duka ana haki ya kujua mambo hayo. Sisemi kazi hii ikatazwe, nasema ifanywe kwa haki.

Sasa nirudi kwenye cheti. Mwaka jana mdogo wangu, ambaye hana kazi, aliletewa habari kwa simu kwamba anatakiwa awe mnunuzi wa siri, ila kwanza alipie cheti shilingi 2,500. Pesa hizo nilimkopesha mimi. Akatumiwa karatasi yenye jina lake na muhuri mwekundu. Tangu siku ile hakupewa duka hata moja, na ile simu haipokelewi tena. Karatasi iko ukutani mpaka leo, na mama huwaonyesha wageni, maana hatukuwa na moyo wa kumwambia.

Hata Marekani, ambako kazi hii imeenea sana, mambo hayako mbali na hayo. Chama cha kampuni za kazi hii, kiitwacho MSPA, kiliundwa mwaka 1998, na kilianzisha vyeti vya Fedha na vya Dhahabu. Wako waliovipata na wakasema vimewafundisha kitu. Lakini kampuni nyingi humpa mtu kazi bila cheti. Nayo FTC, tume ya serikali yao inayowalinda wanunuzi, imewaonya watu wasitoe pesa ili wapewe kazi ya mnunuzi wa siri. Kampuni ya kweli hukulipa wewe, haikudai.

Wafanyakazi wenzangu, sisi twajua cheti cha kweli kilivyo. Fundi anayefanya majaribio ya NITA, daraja la 3, la 2 au la 1, hupewa kazi mbele ya mtahini. Chuma akikikata vibaya, kitaonekana kimekatwa vibaya, na ada aliyolipa haitakinyosha. Ndipo cheti chake hupata heshima. Cheti kinachopatikana kwa kutuma pesa tu ni risiti, si cheti.

Basi je, tuseme cheti cha mnunuzi wa siri hakifai kabisa? Hapo ndipo nilipobadilika mawazo, na sababu ni jirani yangu. Mama huyu ana watoto 3, naye ni karani wa fedha katika duka moja kubwa. Siku moja aliitwa ofisini akapewa barua ya onyo, ati mteja wa siri ameandika kwamba hakumsalimu na alikuwa na uso wa hasira. Akauliza ni siku gani, asijibiwe. Mjumbe wa chama chao akashika neno moja tu: tuonyeshwe fomu. Ilipoletwa, ilisema mambo hayo yalitokea saa 9 alasiri. Mama huyu alikuwa ametoka zamu saa 8. Barua ikafutwa. Je, kama chama kisingekuwako?

Mwandishi wa fomu ile pengine hakuwa mtu mbaya. Hakufundishwa kutazama saa wala kusoma jina kifuani, na nadhani aliijaza jioni akiwa nyumbani, kwa kukumbuka. Katika karakana twapima magurudumu kwa kipimo, na kipimo chenyewe hukaguliwa, maana kipimo kibovu kitalitupa gurudumu zima na kulipitisha lililokwisha. Mtu anayempima binadamu mwenzake, ambaye kalamu yake yaweza kuondoa unga wa watoto, asipimwe yeye?

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kijana anayetafuta kazi asinunue cheti hata kwa shilingi 10. Bali kampuni inayotuma watu iwafundishe, iwajaribu, na gharama iwe yake.

Tena vyama vyetu visiridhike na cheti peke yake, maana mwenye cheti naye hukosea. Katika mapatano na waajiri tudai mambo matatu. Kwanza, wafanyakazi waambiwe mapema kwamba kazi yao yaweza kutazamwa hivi. Hata kanuni za ESOMAR, chama cha watafiti wa masoko, zataka hivyo. Pili, anayeshtakiwa aonyeshwe fomu, na siku na saa. Tatu, mtu asifukuzwe kwa fomu moja tu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama, naye asikilizwe. Na kifungu cha 43 chamtaka mwajiri aithibitishe sababu yake. Haki hizo haziondolewi na cheti cha mtu yeyote, kiwe cha Fedha au cha Dhahabu.

Kama wako wenzetu wenye mawazo mengine, na waandike, tuyasome.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Fundi wa Karakana