Tabasamu la Sandukuni



Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alinivuta mkono tukaingia katika maonyesho ya picha za kale za Mombasa. Nyingi zilipigwa studio, watu wamevaa nguo zao za Idi. Nilimcheka kijana mmoja aliyepandisha mkono wa kanzu ili saa yake ionekane. Nasi tulikuwa hivyo hivyo.

Kisha nikasimama. Bibi kijana, nywele wazi, anatabasamu. Jina halikuandikwa. Zamani baadhi ya mama zetu walivua buibui ndani ya studio, mlango umefungwa, ili picha imfikie mume aliyesafiri, kisha ikae sandukuni. Labda huyu alimtabasamia mtu mmoja tu.

“Babu, mbona watazama chini?”

“Huyu ni nyanya wa mtu, mwanangu.”

Nilimuuliza msimamizi iwapo jamaa zake waliombwa idhini. Akajibu kwamba picha ilinunuliwa pamoja na vyombo vya nyumba iliyouzwa. Hakuna aliyelitazama sanduku kwanza.

Usiku ule nililifungua sanduku la marehemu mama. Mlikuwa na picha tatu. Nimemkabidhi dada yangu.