Barabara ya Matonge Inafika Msituni

Kwenye kipindi kilichopita nilisema, kwa mzaha tu, kwamba siku hizi Jumapili nashinda msituni. Jamani! Nilipata meseji nyingi kuliko tulipoongelea mahari. Nusu zilikuwa za kunicheka. "Umeshakuwa mzungu." "Mbwa unanunua lini?" Mmoja aliuliza kwa heshima kabisa kama nina matatizo nyumbani.

Nimeamua kujibu kwa maandishi, maana kwenye maikrofoni nikipandwa na hasira Kifaransa kinaingia bila hodi.

Jibu fupi ni hili: msitu wa Soignes ni wetu kama Matonge ilivyo yetu, na tukisema "hayo mambo ya wazungu" tunajinyima wenyewe. Jibu refu lina kilomita kama kumi na nne.

Anza pale Porte de Namur, kwenye kile kiwanja kidogo kilichopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Hapo inaanzia Chaussée de Wavre, barabara ileile unayopita ukienda kusuka nywele, kununua sombe na makayabu, au kumsubiri binamu anayesema "niko njiani" wakati bado anaoga. Wengi wetu tunaijua mita mia tatu tu za mwanzo, kisha tunageuka. Siku moja usigeuke. Pita Etterbeek, endelea Auderghem. Maduka yanapungua, nyumba zinakuwa na bustani, na baada ya saa moja na nusu hivi unafika Rouge-Cloître, nyumba ya zamani ya watawa yenye mabwawa yake. Nyuma ya mabwawa miti inaanza. Sikupanda basi wala sikuuliza njia. Barabara ya Matonge yenyewe ndiyo iliyonifikisha.

Nimezaliwa Ixelles, nina miaka ishirini na sita, na nilikuwa sijui hilo hadi mwaka jana. Niliona aibu kidogo.

Msitu wenyewe ni mkubwa, hekta kama 4,400, na majimbo yote matatu ya nchi hii yana kipande chake: Flanders ina zaidi ya nusu, Brussels zaidi ya theluthi, Wallonia imepata kakipande. Miti inayotawala ni ile ya hêtre, mirefu, imenyooka, gome laini la kijivu. Mingi ilipandwa kwa mpango wakati Waaustria wanatawala hapa, karne ya 18. Mwaka 2017 sehemu ya msitu iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wajerumani, Wajapani, watu wa kila pembe wanakuja kuuona. Sisi tunaoishi vituo vitano vya metro kutoka hapo tunasema si mambo yetu.

Mara ya kwanza tulikwenda wanne: mimi, ambaye wazazi wangu ni wa Bukavu, binamu yangu, rafiki mmoja wa Bujumbura, na mwingine ambaye mama yake ni mtu wa Tanga. Huyo mama alipotuona tunafunga kamba za viatu alicheka akasema, "Mtembezi hula miguu yake." Yaani anayezurura bila shughuli anajichosha bure. Binti yake akamjibu hapohapo, "Tembea uone, mama." Kiswahili kina methali kwa kila upande wa ugomvi, hiyo ndiyo raha yake.

Lakini baba yangu hakucheka. Aliniangalia akasema, kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Mwana wangu, mu pori banaingiaka batu benye kukimbia. Weye unakimbia nani?"

Hapa inabidi nitulie kidogo. Oktoba 1996, vita vilipofika Bukavu, baba alikuwa kijana wa umri wangu wa sasa. Alitoka mjini na watu wengi, wakashika njia ya Bunyakiri kuelekea Walikale, kupita misitu ya Kahuzi-Biega. Alitembea siku kumi na tisa. Sisi watoto tunaijua namba hiyo, na karibu hatujui kingine. Kwake yeye pori si mahali pa kupumzika. Ni mahali ambapo unalala bila kuvua viatu.

Kwa hiyo niseme wazi: simlaumu baba, wala mzazi yeyote anayeona kutembea bure ni wazimu. Kuna waliotembea kwa sababu ya vita. Kuna mama zetu waliotembea na ndoo kichwani kila asubuhi kabla ya shule. Wakisema "nimeshatembea vya kutosha," wana haki. Hilo deni wamelilipa.

Ila sisi? Mimi nimekimbia nini zaidi ya basi namba 71? Baba ana sababu, mimi nilikuwa na kisingizio. Nilikuwa nimechukua kumbukumbu yake, nikaivaa kama koti la kuazima, ili nisikubali ukweli mwingine: kwamba naona haya. Naogopa kuangaliwa. Ndiyo, tunaangaliwa. Siku ile ya kwanza mama mmoja mwenye fimbo mbili za kutembelea alitusimamisha, akatuuliza kwa upole mkubwa, "Mmepotea?" Tulikuwa wanne, tuna ramani mkononi, tumesimama chini ya alama ya njia. Hakuwa na nia mbaya, najua. Ndiyo maana inauma: hakuweza kufikiria kwamba tumekuja kutembea tu, kama yeye.

Binamu alitaka turudi. Nikamwambia tukirudi leo, kesho huyo mama atamwuliza mwingine swali hilohilo. Swali lile halitaisha kwa kampeni wala bango. Litaisha akituona kila Jumapili mpaka achoke kutuuliza.

Sasa niongelee jambo ambalo sikulitarajia: Kiswahili.

Wengi mnaotusikiliza mnasema shida yenu ni moja, mnaelewa kila kitu lakini mdomo haufunguki. Mezani mjomba anakukodolea macho, ukikosea kiambishi kimoja nyumba nzima inaangua kicheko. Njiani si hivyo. Mnatembea bega kwa bega, hakuna anayekuangalia usoni, na ukikwama, kimya hakina aibu, kwa sababu miguu inaendelea. Saa ya kwanza tuliongea Kifaransa. Saa ya pili, sijui nani alianza, tukawa tumehamia Kiswahili chetu kibovu na hakuna aliyecheka. Tulibishana kama njia nyembamba ni "kijia" au "kanjia". Yule wa Tanga alishikilia lake, sisi wa Kivu letu. Tukamwona mnyama mdogo mwenye mkia wa manyoya anapanda mti, wote wanne tukajikuta hatuna jina lake. Tukampigia mama simu. "Kindi," akasema, kisha akataka kujua tuko wapi na kwa nini tuna muda wa kuangalia kindi. Neno hilo sitalisahau tena. Lile la kwenye kamusi ningelisahau kesho yake.

Na lipo neno moja ambalo nililijua tangu utotoni bila kulisikia vizuri. Kwa Kiswahili mtu akisema "ameenda kutembea," huenda hazungumzii miguu kabisa. Anasema ameenda kwa watu. Ukienda kwa mtu, umemtembelea. Matembezi yetu, kwa lugha yetu, yana mwenyeji. Huendi tu, unamwendea mtu.

Basi mwisho wa njia hii tunamwendea nani?

Ukivuka msitu kutoka Rouge-Cloître kuelekea mashariki unatokea Tervuren. Mwaka 1897 Leopold II aliweka huko sehemu ya Kongo ya maonyesho ya kimataifa ya Brussels. Ile Avenue de Tervueren pana, yenye miti pande zote, ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho hayo. Wakongomani 267 waliletwa, wakajengewa vijiji kando ya maji, na watu zaidi ya milioni moja wakaja kuwaangalia. Kiangazi kile kilikuwa cha mvua na baridi. Saba waliugua wakafa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako nje ya kanisa la Mtakatifu Yohane, katikati ya mji, dakika chache kutoka kituo cha tramu 44.

Ndani ya jumba la makumbusho, lililofunguliwa upya Desemba 2018, kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliandika majina ya Wakongomani kwenye vioo vya dirisha mkabala na ukuta huo, yakiwemo ya wale saba. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo vinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Kazi nzuri sana, ila inategemea jua, na nyote mnajua hali ya jua ya nchi hii. Siku ya mawingu, njia ya uhakika ya kuwakumbuka ni kwenda na miguu yako.

Najua kuna watakaosema, "Sasa umeharibu matembezi, umeyageuza msiba." Hapana. Tulikula sambusa kwenye gogo, tulicheka mpaka mbavu zikauma, binamu alianguka kwenye matope mbele ya familia nzima ya Waflemi. Ziara ya makaburini kwetu haijawahi kukataza kula. Na wapo wengine, wenye ofisi na miradi, watakaotaka kutumia maneno yangu kusema: mnaona, kijana wa kiafrika akitembea msituni ndio ameshakuwa Mbelgiji kamili. Hao nawaomba wasinisaidie. Sitembei ili nipewe cheti. Natembea kwa sababu miti ni mizuri, rafiki zangu wanaongea, na mwisho wa njia kuna watu wa kwetu ambao wageni wao ni wachache mno.

Kwa atakayetaka kwenda, machache ya kufanya. Tembea kwenye njia, usikate porini. Uyoga usichume, ni marufuku. Alama ya mstari mweupe juu ya mwekundu ni ya njia ndefu za GR, na ukiona rangi hizo zimepishana kama X, umeelekea siko, rudi. Upande wa Flanders kuna vituo vyenye namba. Mfumo huo wa namba ulianzia Limburg, 1995, kwa ajili ya baiskeli. Unaandika namba zako kwenye kiganja na kuzifuata moja baada ya nyingine. Viatu vya matope vinahitajika, vile vyeupe viache nyumbani. Kurudi ni tramu 44 hadi Montgomery, na ukitoka mapema utakuwa mezani kabla ugali haujapoa.

Sasa nirudi kwa baba. Mara ya tatu tulipokwenda nilimwomba tena. Akafikiri. "Nitakuya na tram," akasema. "Tutakutana kule."

Tulipotokea msituni, tope hadi magotini, alikuwa ameshafika, amesimama na koti lake la kanisani mbele ya yale makaburi saba. Alikuwa anasoma majina kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Alipomaliza akasema, "Bale habakutembea. Balibaleta."

Hakusema zaidi. Baadaye tulitembea naye kando ya mabwawa ya bustani ya Tervuren. Miti ilipoanza kusongamana akasimama, nasi tukasimama. Hakuna aliyemsukuma. Pale, bila kuulizwa, akatuambia kwamba siku ya sita ya safari ile soli ya kiatu chake cha kushoto ilibanduka, akaifunga kwa kamba ya gome la mti, akatembea nayo hivyo siku kumi na tatu. Miaka ishirini na sita nimekaa na mtu huyu, sikuwahi kusikia habari ya kiatu.

Kisha akaangalia viatu vyangu, akauliza bei. Euro tisini, nikasema. Hapo ndipo alipocheka.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tunakwenda tena. Saa tatu na nusu asubuhi, kiwanja cha Lumumba. Mzazi asiyetaka msitu tramu ipo, tutamkuta kule.