Msichana Apewe Upinde wa Siilili

Jumamosi moja muhula uliopita, tukiwa katika mazoezi ya Tamasha za Muziki kwenye shule moja ya kutwa nje kidogo ya mji wa Kitale, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea simu ya kaka yake ili nisikilize albamu. Yalitangulia magitaa ya umeme, yakinguruma kama lori la mahindi linalopanda mlima. Zikafuata ngoma zilizobadilisha mapigo kila nilipodhani nimeyashika. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, pana na tulivu, na nyuma yake fidla. Masikio yangu yamelelewa na litungu na nyimbo za kanisani, kwa hiyo nilitaka kumrudishia simu yake upesi. Akanizuia. "Mwalimu, ngoja kidogo. Hapo si siilili inayolia?"

Msomaji, swali hilo lilinichoma kwa sababu ambayo ni aibu kuieleza. Majuma mawili kabla ya siku hiyo msichana huyohuyo alikuwa ameomba afundishwe siilili, ile fidla yetu ya Wabukusu yenye mzinga uliowambwa ngozi. Mzee anayewafunza wavulana alimjibu kwamba chombo hicho hakishikwi na wanawake, na kwamba kazi yake ni kusimama mbele, aimbe na kutikisa mabega. Mimi, mlezi wa kikundi, nilikuwepo. Nilinyamaza, nikajifanya nahesabu shanga za mavazi.

Tuuzungumze kwanza muziki wenyewe, maana najua baadhi ya walimu wenzangu wataacha kusoma wakiona neno roki. Hii ni roki nzito, ambayo wenyewe huiita metali, na tawi lake hili la kimaendeleo haliridhiki na ubeti na kiitikio. Wimbo mmoja huweza kuchukua dakika 10 ukipanda na kushuka. Asili yake ni ya wafanyakazi. Tony Iommi wa kundi la Black Sabbath, mjini Birmingham, Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha vyuma alipokuwa kijana. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Mlio mzito uliosikika katika albamu yao ya kwanza mwaka 1970 una deni kwa jeraha hilo. Katika miaka ya mapema ya 1990 kundi la Skyclad, pia la Uingereza, likaingiza fidla humo, na mwaka 1996 Nightwish ya Finland ikaanzishwa, Tarja Turunen akiwa mwimbaji wake. Aliyoniletea mwanafunzi wangu ni mazao ya shamba hilo.

Wapo watakaosema ni muziki wa shetani. Nawaelewa, kwani nilikuwa mmoja wao. Serikali ilipounda tume ya kuchunguza ibada ya shetani mwaka 1994, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, sisi walimu tulipekua masanduku ya wanafunzi tukitafuta kanda zenye picha za mafuvu. Nilizichukua kadhaa na sikusikiliza hata moja. Tangu hapo Wakenya wamejitungia metali yao wenyewe. Vijana wawili wa Nairobi waitwao Duma walitoa albamu mwaka 2020, ikasikilizwa hadi Ulaya. Kelele zao sizipendi hata kidogo, lakini kutopenda si ushahidi wa ibada.

Hoja ya mila ndiyo yenye uzito, nami sitaki kuipita mbio. Nilikwenda Bungoma likizoni nikawauliza wazee wawili kwa nini mwanamke asiguse siilili wala litungu. Mmoja alisema si adabu mwanamke kukaa mkao ule mbele za watu. Mwingine, aliyekuwa mpigaji hodari enzi zake, alicheka, akasema mpigaji alikuwa mtu wa usiku: aliitwa matangani, akaitwa kwenye busaa, akalala njiani. Nani angemruhusu binti yake? Kama huyu wa pili yuko sahihi, basi mwiko ulikuwa wa barabara na usiku, haukuwa wa uzi na upinde. Darasani saa nne asubuhi, kuna hatari gani?

Tena tumekwisha kuuvunja, ila tumechagua wa kumvunjia. Eriko Mukoyama, Mjapani ajulikanaye kama Anyango, alijifunza nyatiti huko Siaya kwa mwalimu Mjaluo, ilhali nyatiti ilikuwa chombo cha wanaume. Nchi nzima ilimpigia makofi, nami nilipiga. Labdi, binti wa hapahapa Kenya, anapiga orutu, ndugu wa siilili, na anaiingiza katika muziki wa kisasa. Ikiwa mgeni kutoka ng'ambo alipewa kigoda, itakuwaje mtoto wa Kimilili au Kiminini aambiwe asubiri?

Wala mwanamke kutangulia mbele ya kundi la muziki si fasheni ya kizungu. Siti binti Saad wa Unguja alirekodi sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, akiimba kwa Kiswahili, na fidla ni chombo cha taarabu tangu zamani. Wanafunzi wanaosoma wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert hujibu vizuri maswali kuhusu ujasiri wake. Kisha kengele hulia, na sisi tulioyasahihisha majibu hayo huenda ukumbini kugawa ala kwa wavulana peke yao.

Nimehudhuria tamasha hizi miaka mingi, katika ngazi za chini na za juu. Zilianza mwaka 1927, na si haba zilivyotuhifadhia kamabeka na ngoma nyingine. Lakini picha niionayo jukwaani aghalabu ni ileile: wasichana wanatoka jasho mbele, mvulana ameketi nyuma na chombo, na mwisho wa shindano ni yeye anayeondoka na ufundi. Akimaliza shule anaweza kualikwa arusini na kulipwa. Wenzake wa kike wanabaki na kumbukumbu na sare iliyochakaa. Mtaala wa umilisi umefungua mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari pevu. Msichana asiyewahi kushika uzi ataingia mkondo huo na nini mkononi?

Nilirudi kwa yule mzee wetu nikamwomba. Hakukubali, wala hakukataa. Alisema yeye hatamfundisha, ila siilili ya zamani ipo ghalani, na ufunguo wa ghala ninao mimi. Nyuzi mbovu nimeshazibadilisha. Msichana yuko kidato cha nne sasa, na muda uliobaki kabla ya mtihani ni mfupi. Jumamosi tunaanza saa nne, na wavulana wawili wamejitolea kumwonyesha pa kuweka vidole.