Kidonda cha Kinywani: Hesabu Siku Zake



Ndugu msomaji, katika msikiti wetu hapa Manyamanyama yupo mzee ambaye kwa miaka mingi tuliamshwa na adhana yake ya Alfajiri. Mwaka jana matamshi yake yalianza kukwama. Alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, naye alikinyamazia kwa miezi mitano. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwa unyonge: "Niliogopa watu watasema nina ukimwi."

Hofu hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Vidonda vingi vya kinywani havina uhusiano wowote na maradhi hayo, na hata vikiwa navyo, kuficha hakuponyi.

Vilivyo vya kawaida zaidi ni vidonda vidogo vya duara, vyeupe au vya manjano katikati na vyekundu pembeni. Huchochewa na kujiuma, jino lenye ncha, msongo wa mawazo, au upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12. Haviambukizi, na aghalabu hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Fangasi nayo huleta utando mweupe ulimini na mashavuni. Huwapata watoto wachanga, wenye kisukari, waliotumia antibiotiki kwa muda mrefu, wavaao meno ya bandia, na wenye kinga dhaifu, wakiwemo baadhi ya wanaoishi na VVU. Ama fizi zilizovimba na kutoka damu, mara nyingi chanzo chake ni uchafu ulioganda kwenye meno. Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza mno mswaki, basi tuutumie kila siku, kwa upole.

Nyumbani, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, usukutue kisha uteme. Jiepushe na pilipili, ndimu na vyakula vya moto sana. Usikiunguze kidonda kwa dawa kali uliyoambiwa na jirani, wala usinunue antibiotiki kwa kubahatisha, kwani haziui fangasi, bali huweza kuizidisha.

Jambo kubwa ni kuhesabu siku. Kidonda kikizidi wiki 2, nenda hospitali, hata kama hakiumi. Usisubiri siku hizo ukiona uvimbe shingoni, homa, au ukishindwa kumeza. Mtaalamu atakagua kinywa, atapapasa shingo, na huenda akapima wingi wa damu, sukari na VVU. Akishuku saratani, atakata kinyama kidogo kichunguzwe kwa hadubini. Wavutao tumbaku, waweka ugoro mdomoni na wanywaji wa pombe wamo hatarini zaidi.

Mzee wetu alikuwa mtu wa ugoro tangu ujanani. Majibu yalionesha saratani, akatibiwa Bugando, Mwanza. Alhamdulillah, yu hai, na bado hukaa safu ya kwanza. Lakini adhana sasa huitoa kijana mwingine, kwa sababu ulimi wa mzee hauzitimizi tena herufi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza niyaseme haya, ili mwingine asingoje miezi mitano.

Basi jioni ya leo, muulize mzee wako nyumbani kama kinywa chake ki salama.

Wabillahi tawfiq.