Nyaya Kongwe Majumbani Mwetu: Dhamana ni ya Nani?



Baba mmoja anayekaa nyumba ya wakfu Mji Mkongwe ametuletea suala. Soketi ya chumba cha watoto wake imeungua mara mbili. Msimamizi wa nyumba kamwambia atengeneze mwenyewe, kwa hoja kwamba yeye ndiye anayeutumia umeme. Anauliza: hii ni haki?

Kabla ya hukumu, tuitazame hali yenyewe, maana nyumba za namna hii tunazo nyingi.

Majumba yetu ya mawe na chokaa, yenye dari za boriti, mengi yalitiwa umeme kabla ya nyaya za plastiki kuenea. Waya wa zama zile ulivikwa mpira, na juu ya mpira kitambaa cha pamba. Mpira huo hukauka kwa miaka. Ukiuacha ulivyo unaweza kuonekana mzima, lakini fundi akiupinda kidogo ili afunge swichi mpya, unamegeka kama biskuti na shaba inabaki uchi. Ongeza unyevu wa kuta za chokaa na chumvi ya bahari. Ongeza na panya wa darini. Itakumbukwa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume (S.A.W.) akatutahadharisha tusilale na moto unawaka, katika riwaya nyengine akamtaja panya anayeburura utambi wa taa na kuwaunguza wenye nyumba. Utambi leo hatuna, ila panya yuko pale pale na meno yake.

La pili ni mzigo. Nyumba ilipotiwa umeme ilikuwa na taa chache, redio, pengine feni moja. Leo waya ule ule unabeba friji, birika la umeme, pasi na kiyoyozi, na nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja imegawiwa familia tatu au nne. Pasi ya wati 1000 peke yake inakula umeme wa globu 10 za wati 100.

Linalotutisha zaidi ni fyuzi. Kile kiwaya chembamba ndani yake kimewekwa makusudi kikatike mzigo ukizidi. Kikikatika kila wiki, watu huchoka, wakatia kipande cha waya mnene wa shaba. Taa zinawaka, fundi anashukuriwa na kupewa chai. Kumbe mlinzi ameondolewa, na kitakachopata moto sasa ni waya wenyewe, ndani ya ukuta au juu ya boriti.

Anayetaka kuijua nyumba yake aanze penye mita. Bodi ya mbao yenye fyuzi za kauri nyeupe, soketi za matundu ya duara, waya uliovikwa kitambaa: hizo ni dalili za ukongwe. Rangi nyekundu na nyeusi pekee si hoja, kwani nyaya za plastiki za rangi hizo nyengine zingali nzima. Hapo ni vipimo vya fundi vitakavyosema. Wala usidanganyike na waya mweupe mpya ukutani. Mara nyingi umeungwa na ule wa zamani huko juu darini. Swichi ikiwa na joto, soketi ikiwa na weusi, au taa zikififia friji linapoanza kunguruma, mwite fundi mwenye leseni. Na ukigusa friji au bomba ukahisi unatetemeshwa, zima swichi kubwa saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Huenda nyumba haina kabisa waya wa kupeleka umeme ardhini.

Sasa suala la baba yetu. Mafakihi wameeleza kwamba pato la wakfu kwanza hutumika kuitengeneza mali ya wakfu yenyewe, ndipo wanufaika wapewe mafungu yao. Nyaya za ukutani ni sehemu ya nyumba, kama bati na mlango. Kwa hiyo hoja ya msimamizi hatuioni kuwa na nguvu. Mpangaji anadaiwa alichokiharibu yeye: kama ametundika ekstensheni tatu katika soketi moja, au ametia shaba kwenye fyuzi, hapo lawama ni yake.

Nyumba za mirathi zisizogawiwa zina tabu kubwa zaidi. Warithi wengine wako Maskati, wengine Dubai, kodi inapokewa na mmoja, na kila mmoja anamngoja mwenziwe aanze. Kila mwenye fungu katika kodi ana fungu katika matengenezo.

Fedha zikiwa chache, tunaona ianzwe na bodi: sakiti breka, waya wa ardhini, na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kisha laini za jikoni na kiyoyozi. Taa zinaweza kungoja kidogo, iwapo vipimo vya fundi havikuonesha hatari.

Baba yetu aifunge soketi ile isitumike, na watoto wahame chumba hicho hadi fundi aikague laini yote. Amwandikie msimamizi barua na abaki na nakala. Akilazimika kutangulia kulipa, apate kwanza ridhaa ya msimamizi kwa maandishi kwamba gharama itakatwa katika kodi.

Wallahu aalam.