Kenya, Uganda na Tanzania: Magari ya kifahari yaliyotumika yashuka bei, gharama za kuyatunza zabaki juu

Katika viwanja vya kuuzia magari yaliyotumika kando ya barabara ya Ngong, jijini Nairobi, Land Rover Discovery 4 yenye umri wa zaidi ya miaka 10 mara nyingi huuzwa kwa bei inayokaribiana na ya saluni ndogo ya Toyota iliyoshushwa karibuni bandarini Mombasa. Viti vyake ni vya ngozi, paa lake ni la kioo, na injini yake ya dizeli ya lita 3 hupanda mlima bila kulalama. Mnunuzi aliyeweka akiba kwa miaka mingi, au aliyechukua mkopo kwa dhamana ya kadi ya gari hilohilo, huamini amekipata kwa bei ndogo kile ambacho hapo awali kilikuwa cha mawaziri na wakurugenzi.

Hesabu yake ina kasoro moja. Bei ya kununulia imefuata umri wa gari, ilhali gharama ya kulitunza bado inafuata bei yake lilipokuwa jipya.

Sheria na kodi zina sehemu yake katika hali hiyo. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Utengenezaji wa Discovery 4 ulikoma mwaka 2016, na kwa hiyo zinazouzwa Nairobi hivi leo kwa bei nafuu ni zile zilizokwisha kuingia zamani, nyingi zikiwa zimepita katika mikono miwili au mitatu. Anayetaka jipya zaidi hukutana na kodi zinazopandana: ushuru wa forodha wa asilimia 35, uliopandishwa kutoka 25 mwaka 2023; juu yake ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 kwa injini ya dizeli inayozidi sentimita za ujazo 2,500; na juu ya yote hayo VAT ya asilimia 16. Gari lililothaminiwa kwa 100 hufika takriban 211 kabla ya ada nyingine za bandarini. Si ajabu basi kwamba wengi hurudi kwenye kiwanja cha barabara ya Ngong.

Tanzania haikupiga marufuku magari ya kale, bali huyatoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu, asilimia 15 kwa yaliyopita miaka 8 na asilimia 30 kwa yaliyopita miaka 10. Uganda ilifunga mlango mwaka 2018 kwa yenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Njia ni tatu, lakini matokeo yanafanana: gari la kifahari huifikia familia ya kipato cha kati wakati dhamana ya kiwanda imekwisha na vipuri vyake vingi vinafika ukomo kwa pamoja.

Dalili ya kwanza huonekana asubuhi, gari likikutwa limelala upande mmoja kama ngamia aliyechoka. Discovery na Range Rover za miaka hiyo hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mpira wa mfuko ukipasuka, hewa huvuja polepole usiku kucha, na kompresa hulazimika kufanya kazi mfululizo kuijaza upya hadi nayo inaungua. Mwenye gari anayebadilisha kompresa bila kuziba uvujaji hununua kompresa nyingine baada ya miezi michache. Baadhi ya mafundi wamechukua njia ya mkato ya kuondoa mfumo wote wa hewa na kufunga springi za kawaida. Gari husimama vizuri, ila hupoteza uwezo wa kujiinua kwenye njia mbovu, ambao ndio uliowafanya wengi walitamani.

Injini ndiyo hofu kubwa zaidi. Injini za dizeli za V6, za lita 2.7 na za lita 3, zina sifa mbaya ya beringi za krankishafti kulika na krankishafti yenyewe kukatika, pengine bila onyo lolote kwa dereva. Mafundi wengi hulaumu oili iliyokaa muda mrefu. Ratiba ya kiwanda barani Ulaya iliruhusu zaidi ya kilomita 20,000 kati ya mabadiliko ya oili, na mmiliki anayeifuata ratiba hiyo katika foleni na vumbi la Nairobi au Kampala anaihatarisha injini yake. Injini hizo pia zina mikanda miwili, wa mbele unaoongoza vali na wa nyuma unaoendesha pampu ya dizeli. Wa nyuma husahaulika kwa urahisi, kwa kuwa hauonekani.

Hata kazi ndogo huwa kubwa. Ili kuifikia turbo, mafundi wengi huona ni rahisi zaidi kulinyanyua bodi zima kutoka kwenye chesi, na siku za kazi hiyo huingia kwenye bili. Giaboksi ya ZF ya gia 6 ilitangazwa kuwa oili yake haihitaji kubadilishwa maishani; ZF yenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Filta yake imeunganishwa na sahani ya plastiki iliyo chini, kwa hiyo vyote viwili hununuliwa pamoja.

Kwa magari ya dizeli yaliyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya za Euro 5 kuna pia filta ya masizi kwenye ekzosi. Filta hiyo hujisafisha kwa joto la safari ndefu, na safari fupi za mjini huiziba. Mafuta nayo yana lake. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweka kikomo cha salfa katika dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni, ambayo ni hatua kubwa, lakini kikomo cha Ulaya ni 10.

Mambo haya yote hufichika siku ya mauzo. Taa ya onyo hufutwa kwa kifaa cha kupimia, na baada ya siku chache hurudi. Kilomita hurudishwa nyuma. Njia pekee ya kujikinga ni kumlipa fundi asiye wa muuzaji alipime gari likiwa limelala usiku mzima bila kuwashwa, na kudai kumbukumbu za matengenezo. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

Kwa wanaoishi Rwanda na Burundi, wanaovutiwa na bei hizo kupitia ndugu walio ng'ambo ya mpaka, kuna jambo la ziada: magari ya Kenya, Uganda na Tanzania yana usukani wa kulia, ilhali huku magari hupita upande wa kulia wa barabara.

Wakati huohuo, biashara nyingine imestawi. Katika barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, soko la Kisekka mjini Kampala na mitaa ya Kariakoo na Gerezani mjini Dar es Salaam, spea za magari ya aina zote hutafutwa, halisi na bandia zikiwa bega kwa bega. Discovery ambayo injini yake imekufa hugharimu kuitengeneza zaidi ya inavyoweza kuuzwa, kwa hiyo hufunguliwa vipande vipande: milango, taa, giaboksi, hata viti vya ngozi. Mnunuzi wa vipande hivyo mara nyingi ni mwenye Discovery nyingine, ambaye bado analipa mkopo.